Simu Imekalia Kiti cha Somo

Swali: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu kutoka Kisauni. Mimi na mume wangu tumejaaliwa watoto wawili, kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 12. Sote wawili hutoka nyumbani alfajiri tukarejea baada ya Isha, na mama mkwe ndiye akaaye na watoto watokapo shule. Mwezi uliopita binti yangu alimuuliza nyanya yake maana ya neno ambalo mimi mwenyewe naona haya kuliandika, akasema ameliona katika video kwenye simu. Mume wangu asema ni televisheni na mitandao inayowaharibu watoto wa siku hizi. Mama mkwe asema tumewaharibu sisi, kwa kuwa tumeiachia simu itulelee. Naomba kujua ni nani kati yao mwenye haki.
Mama wa wawili, Kisauni

Jibu: Dada yangu, kabla ya kumtafuta mwenye makosa, hebu tulirejelee lile neno aliloliuliza binti. Hakulificha, wala hakwenda kuwauliza wenzake vichochoroni. Alilipeleka kwa nyanya yake, mtu anayemwamini. Barua yako haisemi alijibiwa nini, nami nachelea kwamba alikemewa tu akanyamazishwa. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi neno la pili hatalileta nyumbani, ataliuliza simu iyo hiyo, na simu haioni haya kumjibu.

Zamani katika mitaa yetu ya Mombasa, binti alipovunja ungo hakuachwa ajitafutie maarifa mwenyewe. Alikuwa na somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake mzazi, ambaye alimfundisha usafi wa mwili, staha, namna ya kujihifadhi, na baadaye mambo ya unyumba, kwa maneno ya wazi yasiyozunguka. Wazee wetu walitambua kwamba mama na bintiye huoneana haya, na badala ya kuiacha haya hiyo ikawa ukuta kati ya mtoto na elimu anayoihitaji, waliitafutia njia kwa kuikabidhi kazi kwa mtu mwingine mwenye kuaminika. Mvulana naye alikuwa na mjomba wake, na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, na wale wazee waketio barazani jioni ambao walikuwa na ruhusa ya kumkanya mtoto wa yeyote, na mzazi alipopata habari akaenda kuwashukuru. Leo katika nyumba nyingi somo huitwa siku chache kabla ya harusi, wakati binti amekwisha kusikia kila kitu kwa watu wengine, na mzee wa barazani akithubutu kumkanya kijana, mzazi humjia juu. Sisi wenyewe tulikiacha kiti kikawa kitupu, na simu ikakikalia.

Nasema hivi bila kumpuuza mume wako, kwa sababu hofu yake ina msingi. Mwaka 1961 mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa, na watoto hao walipoachwa na mwanasesere yule wakafanya vivyo hivyo, wengine wakirudia hata maneno waliyoyasikia. Mwaka 1963 walirudia jaribio hilo kwa kutumia filamu, na watoto wakaiga vilevile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba picha hupita tu machoni mwa mtoto ikaenda zake. Anayetengeneza kipindi kichafu na kukirusha saa ambayo watoto wako macho anatenda dhuluma, na asijitetee kwa kusema kwamba mzazi angezima.

Hata hivyo, ukinilazimisha kuchagua, nitampa haki mama mkwe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata malezi na ulinzi wa wazazi, na inaeleza kwamba wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Mwenye kituo cha televisheni ana wajibu wa kutomdhuru mwanao. Hana wajibu wa kumpenda. Naijua taabu ya kutoka alfajiri na kurudi usiku, wala sikulaumu kwa kutafuta riziki. Ninalokuomba ni kwamba zile saa usizokuwapo zipewe mtu unayemjua.

Mtafutie binti yako somo sasa hivi, shangazi au jirani mwenye hekima, umwambie waziwazi unataka amfundishe nini na amjibu swali gani. Mume wako naye amkalie kijana wake, maana mtoto wa miaka 15 ana maswali mazito kuliko ya dadake, na baba anayelalamikia mitandao huku hajapata kuzungumza na mwanawe juu ya yale aliyoyaona humo hajaianza kazi yake. Kuhusu simu, mitandao mikubwa kama TikTok na Facebook yenyewe inaweka sharti la kutimiza miaka 13 ndipo mtu ajiunge. Binti yako hajafika umri huo. Akiwa na akaunti, ifungeni mbele yake, mkimweleza sababu.

Swali: Kila asubuhi nampeleka mwanangu shule kwa matatu, na redio humo huwa inazungumza mambo ya chumbani. Je, hakuna sheria?
Baba, Changamwe

Jibu: Ziko kanuni, ndugu yangu. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinakataza maudhui ya watu wazima kurushwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, na zinahusu redio sawa na televisheni. Kwanza mwombe utingo, kwa upole, abadilishe stesheni. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, na abiria wengine wakaniunga mkono mara moja, kana kwamba kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe aanze. Kisha andika siku, saa, jina la kituo na la kipindi, pamoja na maneno yaliyosemwa, upeleke malalamiko kwa kituo chenyewe, na wasipokujibu, uyafikishe kwa Mamlaka.