Maswali na Majibu: Upolarishaji wa Mwanga na Ubora wa Picha

Swali: Nikipiga picha ya maji napata mng'ao mweupe tu. Kichujio cha polarisheni huuondoaje?

Mwanga ni wimbi linalotetema kukingama na njia linamopita, na mwanga wa jua hutetema pande zote bila mpangilio. Ukiangukia maji kwa mshazari, sehemu inayoakisiwa hutetema zaidi sambamba na uso wa maji, na katika pembe ya nyuzi 53 hivi kutoka mstari wima hutetema upande huo pekee. Kwa kioo cha kawaida ni nyuzi 56 hivi. Mwanga wa namna hii ndio tunaosema umepolarishwa, na kichujio, ambacho hupitisha mtetemo wa upande mmoja tu, kikikingamana nao huuzuia. Kizungushe polepole huku ukitazama: weupe utafifia, na mawe ya chini yatajitokeza moja baada ya jingine pamoja na rangi zake. Nawasihi mfanye hivyo kabla ya kupiga picha, kwa maana undani uliozamishwa na mng'ao mkali, programu ya kuhariri huweza kuubuni tu, si kuurejesha.

Swali: Je, kitaondoa mng'ao wa chuma kitupu?

Kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa chuma hakipolarishi mwanga kama maji au kioo.

Swali: Nimetumia kichujio hicho, na anga limetoka na bluu nzito sehemu moja na hafifu kwingine. Lenzi yangu ni mbovu?

Si mbovu. Mwanga wa anga hupolarishwa zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka jua lilipo, hivyo kichujio huutia giza zaidi, na lenzi ya pembe pana huukusanya ukanda huo pamoja na sehemu za kando.

Swali: Lenzi yenyewe yaweza kuharibu picha kwa sababu ya upolarishaji?

Ndiyo, ingawa wengi hawalifikirii. Kioo au plastiki iliyobaki na mkazo ndani baada ya kupoa hupitisha mitetemo ya pande mbili kwa kasi tofauti, na katika vyombo vya usahihi mkubwa tofauti hiyo hupunguza ukali wa picha. Weka rula ya plastiki angavu kati ya vichujio viwili vilivyokingamana, nawe utauona mkazo huo kama michirizi ya rangi. Katika hadubini zenye uwezo mkubwa, hata lenzi isiyo na dosari hukusanya mwanga unaotetema upande mmoja kwenye doa lililorefuka kufuata mtetemo, hivyo nukta mbili zilizokaribiana zaweza kutofautishwa zikipangwa upande mmoja na kuungana zikipangwa upande mwingine. Mwanga uliopolarishwa kwa mzunguko, yaani ambao upande wa mtetemo wake huzunguka daima, hulirudishia doa hilo umbo la duara.