Medali ya Bobby Hill fainali ya 2023

Kaka unasema Norm Smith, medali ya mchezaji bora wa fainali ya AFL (ligi ya mpira wa Kiaustralia), ilikua ya Nick Daicos wetu wa Collingwood, hapana bana, Hill alifunga goli 4 (goli moja ni pointi 6) kwenye mechi ambayo Collingwood tumeshinda kwa pointi 4 tu, 90 kwa 86, na ule mpira aliodaka hewani kabla ya mapumziko kampandia beki wa Brisbane mabegani mpaka leo naurudia, na jamaa 2022 alikua anatibiwa saratani! Daicos alikiwasha sikatai. Anayesahaulika ni Sidebottom wetu, lile goli lake la shuti la mbali mwishoni ndo lilituokoa maana Daniher wa Brisbane alikuja kurudisha goli moja. Ila sisi tulipata pointi moja moja 18 (mpira ukipita pembeni kidogo ya goli unapewa 1 tu), na Brisbane wana goli 13 sisi 12, presha tupu.