Kemikali yako iko kwenye maji, mafuta au hewa?

Wanafunzi wanaokuja kwenye maabara yetu hapa Nairobi na miradi ya dawa za wadudu au petroli huwa na swali lilelile: hii kemikali ikiingia mtoni itabaki majini, itahamia kwenye mafuta ya samaki, au itapaa? Kwa upande wa mafuta tunatumia oktanoli, kimiminika kisichochanganyika na maji kinachosimama badala ya mafuta ya samaki. Unaweka kemikali, oktanoli na maji kwenye chupa moja hadi kemikali igawanyike, unagawanya ukolezi wake kwenye oktanoli kwa ukolezi wake majini, kisha unaandika jibu kwa logi (kipeo cha 10: logi 2 ni mia moja, logi 6 ni milioni), maana namba hizi hupishana mno. Benzini, iliyomo kwenye petroli, ni kama 2.1. DDT, dawa ya wadudu, inapita 6.

Kinachowaponza wengi ni kutikisa. Mtu anashika chupa na kuitikisa kwa nguvu zake zote, anaiacha itulie, anavuta maji yanayoonekana safi kabisa. Si safi. Chukua kemikali yenye logi 6: oktanoli inaishika mara milioni moja zaidi ya maji. Kwa hiyo mikrolita moja tu ya oktanoli, imetawanyika kwenye lita nzima ya maji kwa vitone usivyoviona, imebeba kemikali sawa na lita yote hiyo. Usomaji wako umekuwa maradufu na huna habari. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi ili vitone vitengane na maji, husaidia, ila kwa kemikali za aina hii mimi sitikisi kabisa. Mwongozo wa kupima kemikali wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi) namba 107, wa kutikisa, unafaa hadi kama logi 4. Kuvuka hapo kuna namba 123, wa kukoroga polepole kwa siku kadhaa bila kuvuruga mpaka wa oktanoli na maji. Unachosha, lakini ndio unaoaminika. Maji yachote chini, kupitia bomba la chombo, usipitishe pipeti kwenye oktanoli.

Halafu pima pande zote mbili. Kupima maji peke yake na kudai kilichopungua kimeingia kwenye oktanoli ni kubahatisha: kemikali hunata kwenye kioo, nyingine hutoroka ukifungua kifuniko. Jumla isipokaribia ulichoweka, usiendelee.

Asidi nazo zina mambo yake. Asidi ya benzoiki kwenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi wa maji) karibu yote imekuwa ayoni, yaani chembe yenye chaji, na inang'ang'ania maji, kwa hiyo namba isiyoandikwa pH haina maana.

Kwa hewa na maji, joto ndilo bwana. Asubuhi ya Julai maabara ni baridi, saa nane mchana imepata joto, na kemikali nyingi hupaa zaidi joto likipanda. Weka chupa zilizofungwa kwenye bafu la maji la nyuzi 25. Tena tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83, si 101. Ukigeuza ppm za hewa (sehemu kwa milioni) kuwa mikrogramu kwa kila mita ya ujazo kwa fomula ya usawa wa bahari, jibu litazidi kwa karibu sehemu ya tano. Barometa iko ukutani. Andika shinikizo inaloonyesha kando ya kila usomaji.