Kutengeneza michezo isiyo na leseni kwa konsoli ya zamani: mkaguzi ni wewe mwenyewe

Anayetaka kuanzisha kampuni ndogo ya kutengeneza michezo mipya ya video ya konsoli ya zamani (mashine ya kuchezea michezo hiyo), kama vile NES ya Nintendo au Mega Drive ya Sega, kwa kawaida huuliza kwanza iwapo kazi hiyo inaruhusiwa na sheria. Nitalijibu swali hilo, ingawa miaka niliyoifanya kazi hii imenionyesha kwamba uzito mkubwa uko kwingine. Leseni ya enzi zile haikuwa karatasi ya ruhusa tu. Mwenye konsoli aliukagua mchezo kabla haujauzwa, na mara nyingi ndiye aliyesimamia utengenezaji wa katriji zenyewe, yaani vikasha vyenye mchezo vinavyochomekwa kwenye konsoli. Ukifanya kazi bila leseni, majukumu hayo yote yanakuangukia wewe, na mnunuzi hana mwingine wa kumlalamikia.

Kuhusu sheria, kesi mbili zilizoamuliwa Marekani mwaka 1992 zinafaa kusomwa pamoja. Katika shauri la Sega na Accolade, mahakama ya rufaa iliona kwamba kuichambua programu ya mwingine ili kuelewa jinsi ya kuufanya mchezo wako ukubaliwe na konsoli ni matumizi halali, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kupata maarifa hayo. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufaa ilithibitisha zuio dhidi ya Atari Games, iliyouza michezo ya NES kwa jina la Tengen, ambayo wanasheria wake walikuwa wamepata nakala ya programu ya chipu ya kufuli ya Nintendo, iliyozuia michezo isiyo na leseni, kutoka Ofisi ya Hakimiliki kwa maelezo yasiyo ya kweli. Ninachokisisitiza hapa ni kwamba njia uliyoyapatia maarifa ina uzito sawa na matumizi yake. Kwa hiyo programu, picha, muziki na wahusika viwe vyako, uwe na mkataba wa maandishi na kila msanii, uhifadhi rasimu zenye tarehe, usiweke nembo ya mwenye konsoli kwenye boksi, na uandike waziwazi kwamba mchezo hauna leseni. Mengine muulize wakili, kwa kuwa sheria za nchi hazifanani.

Katriji yenyewe ndiyo inayostahili muda wako mwingi. NES hufanya kazi kwa volti 5, ilhali chipu nyingi za kumbukumbu zinazopatikana kwa bei nafuu siku hizi zimeundwa kwa volti 3.3. Wapo wanaoziunganisha moja kwa moja, bila saketi ya kurekebisha volti, na kwa kuwa mchezo unawaka na kuchezeka, wanaridhika. Mimi naona jambo hilo ni kumkosea mnunuzi, kwa sababu chipu hiyo hufanya kazi nje ya kiwango chake na mkondo wa ziada unaweza kuisumbua konsoli yenyewe, ambayo haitengenezwi tena kiwandani. Vivyo hivyo ukingo wa ubao wa saketi wa katriji unaoingia ndani ya konsoli: uagize upakwe dhahabu ngumu na uchongwe mteremko, la sivyo utakwaruza pini kila katriji inapochomekwa, na dhahabu nyembamba itakwisha mapema. Gharama huongezeka, lakini hapa si mahali pa kubana matumizi.

Kisha jaribu mchezo kwenye konsoli halisi tangu wiki za kwanza. Emuleta nyingine, yaani programu za kompyuta zinazoiga konsoli, huanza na kumbukumbu iliyojaa sifuri, wakati kilobaiti 2 za kumbukumbu ya NES huwaka zikiwa na thamani zisizotabirika, hivyo programu iliyosahau kuzisafisha inaweza kukwama kwa mteja huku kwako ikienda vizuri. Konsoli za mfumo wa hezi 50 (picha 50 kwa sekunde) nazo zitapunguza kasi ya muziki na mwendo uliopangwa kwa hezi 60, usipolishughulikia jambo hilo mapema.

Upande wa fedha, ushauri wangu ni mkali: usipokee malipo ya maagizo ya mapema kabla mchezo haujakamilika na ubao wa majaribio haujathibitishwa. Fedha hizo ni deni, na zinapaswa kukaa katika akaunti tofauti hadi katriji itakapomfikia mlipaji. Viwanda hupunguza bei ya kila ubao kadiri idadi inavyoongezeka, na hicho ni kishawishi kikubwa, lakini afadhali mkupuo mdogo wenye faida ndogo kuliko mzigo unaofunga mtaji wa mchezo unaofuata. Uza pia faili la mchezo kwa wenye emuleta, kwani halihitaji ubao wala usafirishaji.

Kila mkupuo upewe namba iliyochapishwa kwenye ubao, na katriji chache zibaki kwako pamoja na orodha ya chipu zilizotumika, ili mteja akirudisha katriji mbovu uweze kujua ni kundi lipi la chipu lenye hitilafu na umpelekee nyingine bila kumchelewesha.