Kusoma faili la COBOL kwa mpangilio wa ufunguo: mbona rekodi ileile inajirudia?

SWALI: Nimekabidhiwa programu ya zamani ya COBOL (lugha ya programu za kibiashara) inayosoma faili la miamala. Ufunguo wa faili una sehemu tatu: namba ya akaunti, tarehe, kisha namba ya mfuatano. Nataka miamala yote ya akaunti moja, kwa mpangilio wa tarehe. Nimeweka ACCESS MODE IS DYNAMIC (inayoruhusu kusoma kwa ufunguo au kwa kufuatana). Nikijaza akaunti na kuacha sifuri kwenye tarehe, READ inanipa FILE STATUS 23 (hali ya rekodi kutopatikana). Nikijaza ufunguo kamili wa muamala wa kwanza, naupata, lakini mzunguko hauishi. Muamala uleule unarudi tu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, faili lako ni zima. Katika DYNAMIC, READ tupu ni ombi la kutafuta: niletee rekodi yenye ufunguo huu, wote kamili. Hakuna muamala wenye tarehe ya sifuri, ndiyo maana ukapata 23. Ulipojaza ufunguo kamili, rekodi ikapatikana, na kila ulipouliza tena ukaletewa hiyohiyo. Hali 10, ya mwisho wa faili, ungeisubiri milele, kwa kuwa hukuwa umeanza kusoma kwa kufuatana.

Kwanza simama mahali kwa START, halafu songa mbele kwa READ NEXT:

    MOVE 0 TO IMEISHA
    MOVE AKAUNTI-TAKIWA TO MU-AKAUNTI
    START FAILI-MIAMALA KEY IS EQUAL TO MU-AKAUNTI
        INVALID KEY MOVE 1 TO IMEISHA
    END-START
    PERFORM UNTIL IMEISHA = 1
        READ FAILI-MIAMALA NEXT RECORD
            AT END MOVE 1 TO IMEISHA
            NOT AT END
                IF MU-AKAUNTI NOT = AKAUNTI-TAKIWA
                    MOVE 1 TO IMEISHA
                ELSE
                    PERFORM CHAPISHA-MUAMALA
                END-IF
        END-READ
    END-PERFORM

START haileti rekodi yoyote. Inaweka alama tu, na READ NEXT ya kwanza ndiyo inayokuletea muamala wa kwanza. MU-AKAUNTI inaruhusiwa peke yake kwa sababu ndiyo inayoanzia kushoto kabisa mwa ufunguo. Huwezi kufanya hivyo kwa tarehe iliyo katikati. Ni salama zaidi sehemu hiyo iwe PIC X (aina ya maandishi). START ikishindwa, usiendelee kusoma: READ NEXT itakayofuata itakupa hali 46 (hakuna mahali pa kuendelea kusoma), nawe utahangaika na kosa lisilo lenyewe.

Sasa tazama ile IF, maana hapo ndipo nimeona programu nyingi zikiharibika. AT END inakwambia faili limeisha, wala si akaunti. Bila IF hiyo, programu itamaliza miamala ya akaunti uliyoitaka na kuingia ya akaunti inayofuata, bila kosa lolote kuonekana. Ukijaribu kwa faili dogo lenye akaunti moja, kila kitu kitaonekana sawa. Kwenye faili la kazi, mteja mmoja atapokea miamala ya mwenzake. Na AKAUNTI-TAKIWA lazima ikae WORKING-STORAGE (sehemu ya vigeuzi vya programu), nje ya rekodi, kwa kuwa kila READ inaandika upya rekodi nzima, MU-AKAUNTI ikiwemo.

Utakapohitaji miamala ya akaunti zote kwa tarehe, utatumia ALTERNATE RECORD KEY (ufunguo mbadala) yenye WITH DUPLICATES (inayoruhusu rekodi nyingi kuwa na ufunguo uleule). Hapo kuna mtego mwingine. START kwa ufunguo mbadala inafanya READ NEXT zote zifuate ufunguo huo. Lakini ukichomeka katikati ya mzunguko READ ya kutafuta kwa ufunguo mkuu kwenye faili hilohilo, mpangilio unahamia ufunguo mkuu, na READ NEXT inayofuata itaendelea kutoka kwenye rekodi uliyoitafuta. Ripoti itaruka miamala au kuirudia. Utafutaji wa namna hiyo ufanye baada ya mzunguko kuisha.

Angalia pia tarehe imehifadhiwaje. Kwa kawaida ufunguo hulinganishwa baiti kwa baiti kuanzia kushoto, kwa hiyo tarehe inayoanza na siku itaweka 01032024 kabla ya 15012023. Inapaswa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa sababu hiyohiyo, namba zinazoweza kuwa hasi zisiwe sehemu ya ufunguo.

Kama namba zako za akaunti zina herufi, kumbuka kwamba EBCDIC, msimbo wa herufi wa mashine kubwa za IBM, huweka herufi kabla ya tarakimu, ilhali ASCII, msimbo wa kompyuta nyingi nyingine, huweka tarakimu kwanza. Faili likihamishwa, mpangilio hubadilika. Ndiyo maana katika IF nimetumia NOT = badala ya kuuliza kama akaunti imekuwa kubwa zaidi: usawa haubadiliki na msimbo wa herufi.

Ukikutana na kazi hii katika RPG, lugha nyingine ya programu ya IBM, SETLL inafanya kazi ya START, na READE inasoma rekodi inayofuata huku ikilinganisha ufunguo yenyewe. Akaunti ikibadilika, %EOF (alama ya mwisho) inawaka. READ ya kawaida ya RPG hailinganishi, hivyo ukiitumia, IF ile unaiandika mwenyewe.