Chini ya Mti, Shida ni Kiu

Kila ninachopanda chini ya msonobari kinakufa. Udongo una tindikali. Nimwage chokaa kuipunguza? (Karen, Nairobi)

Umeupima? Swali hili haliishi kuja, na hakuna hata mmoja anayelileta na kipimo. Peleka udongo maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete, ndipo tuongee habari ya chokaa. Udongo mwekundu wa huko kwenu kweli huelekea kwenye tindikali, lakini miche yako nadhani inakufa kwa kiu. Mizizi ya mti hunywa kwanza, na matawi huzuia manyunyu yasifike chini. Toboa vishimo kati ya mizizi, tia mboji, panda miche midogo masika yakianza, na umwagilie hadi ishike. Tena usirundike kifusi juu ya mizizi ili upate kitanda kizuri cha maua. Mizizi ikikosa hewa, utaupoteza na mti.

Kivulini panakubali maua ya rangi gani? (Lavington)

Nyingi. Anza na klivia: maua ya rangi ya chungwa, na hustahimili ukavu na msongamano wa mizizi. Begonia nazo hazisumbui. Koleasi utaipandia majani, mekundu na ya zambarau, wala usingoje ua. Azalia na kamelia ndizo zinazopenda tindikali hasa, ila zipe kivuli chepesi, si giza. Kaladiamu inapendeza, lakini mtoto au mbwa akiitafuna itamchoma kinywa. Wauzaji wa barabarani hawakuambii hilo.

Bugenvilia chini ya mparachichi? (Buruburu)

Hapana. Inataka jua.

Haidrenjia yangu ilikuwa ya buluu, sasa ni ya waridi. Niliuziwa mbegu mbovu? (Runda)

Mwache muuzaji. Umekuwa ukimwaga majivu ya jiko hapo, sivyo? Kwenye tindikali, alumini ya udongoni huyeyuka, mmea ukaifyonza, maua yakawa ya buluu. Majivu hupunguza tindikali hiyo. Acha majivu, weka matandazo ya majani, na uvumilie. Nyeupe haibadiliki, kwa hiyo msiniandikie kuihusu.

Nataka azalia, lakini niko Embakasi. (Embakasi)

Udongo wenu mweusi hautaifaa: mvua ikinyesha unatuamisha maji, kiangazi unapasuka. Panda kwenye chungu.

Jirani anasema nikate mjakaranda ili nipate maua. (Kileleshwa)

Mwambie atazame juu mwezi wa Oktoba: mjakaranda wenyewe ni maua. Pogoa matawi ya chini mwanga uingie, basi. Ukishikilia kukata, ulizia kwanza kibali cha kaunti.