Kalibresheni ya kila siku inapita, RATA inaanguka: anza na njia ya gesi

Juma lililopita tumemaliza RATA, jaribio ambalo wapimaji wa nje hulinganisha vifaa vyetu vya kupima moshi na vyao, kwenye bomba la moshi la mtambo ninaousimamia sasa, na gesi zote zimepita, tofauti ikiwa chini ya asilimia 7.5. Kwa utaratibu wa Marekani tunaoufuata, ule wa Sehemu ya 75 ya kanuni zao za mazingira, alama hiyo inakupa mwaka mzima kabla wapimaji hawajarudi. Ukiangukia kati ya 7.5 na 10 umepita pia, ila utawaona tena baada ya nusu mwaka. Nimefurahi sana na sioni sababu ya kuficha.

Furaha haijapoa, kijana mmoja akaniandikia: "Dada, shikamoo. Kalibresheni ya kila siku inapita, jaribio la robo mwaka la gesi za ngazi tatu limepita, lakini RATA imeanguka kwenye salfa dioksidi. Bosi anasema wapimaji ndio wabovu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimepita njia hiyo hiyo, mpaka lile neno la bosi. Nitakujibu hapa kwa sababu najua wengi mnaosoma mnataka nilichokitaka mimi: siku moja mkaguzi akiiona sahihi yako chini ya ripoti, aiamini.

Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa wa makaa ya mawe. Vifaa vya kupima moshi nilipewa mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka. Wenzangu walikimbilia tabaini na boila, kwenye sifa. Mimi nikakabidhiwa kibanda chini ya bomba la moshi, chenye analaiza (kifaa kinachosoma kiasi cha gesi), mitungi ya gesi na kompyuta moja. Nilikipenda kibanda kile, na nilijifunza kila mlio wa pampu zake.

Kila asubuhi kompyuta ilifanya kalibresheni, yaani kukikagua kifaa kwa gesi ambayo kiwango chake kinajulikana: ilipitisha gesi ya sifuri, kisha gesi ya kiwango cha juu, na matokeo yakatoka ya kijani. Kilichoanza kunisumbua ni salfa dioksidi. Ripoti za maabara zilionyesha makaa yana salfa ileile, mzigo wa mtambo ulikuwa uleule, lakini namba ya salfa dioksidi ilikuwa inashuka polepole, wiki baada ya wiki. Oksidi za nitrojeni hazikushuka. Oksijeni haikupanda. Nikaandika yote kwenye kitabu cha zamu, tarehe na saa, nikampelekea mkuu wangu. Akanijibu: "Kama kalibresheni inapita, wewe unatafuta nini?"

Neno hilo nimelisikia mara nyingi tangu wakati huo, na bado linaniuma, kwa sababu linatoka kwa watu wenye akili zao ambao hawajawahi kukaa na karatasi wakapiga hesabu. Hebu tuipige. Kikomo cha kutangaza kifaa cha salfa dioksidi kuwa kimetoka nje ya udhibiti katika kalibresheni ya kila siku ni asilimia 5 ya upeo wa kipimo. Upeo ukiwa sehemu 1000 kwa milioni, asilimia 5 ni sehemu 50. Sasa kama moshi wenyewe una sehemu 200, kifaa kinaweza kukosea kwa sehemu 50, yaani robo nzima ya kile unachokipima, na bado asubuhi ukaona kijani. Jaribio la kila siku linakuambia kwamba kifaa hakijasogea sana tangu jana. Halikuambii kwamba kinasema kweli kuhusu moshi.

Na kwetu hata hilo dogo halikuwa linafanyika inavyotakiwa. Mkandarasi wa matengenezo alikuwa amehamisha mpira wa gesi ya kalibresheni. Badala ya kupanda hadi kwenye probu, mdomo wa kuvutia sampuli huko juu ya bomba la moshi, gesi ilikuwa inaingia nyuma ya analaiza moja kwa moja. Sababu zake zilisikika nzuri: gesi inatumika kidogo, na hakuna haja ya kusubiri dakika kadhaa bomba refu la sampuli lijae. Lakini kanuni kwa mfumo unaovuta sampuli iko wazi. Gesi ya kalibresheni ipite njia nzima ambayo moshi unapita: kichujio, bomba la sampuli linalopashwa joto, kipoozaji cha kuondoa maji, vyote, na sehemu ya probu kadiri inavyowezekana. Ukiingiza gesi nyuma ya analaiza umeikagua analaiza peke yake.

Niliomba turudishe mpira mahali pake. Nikaambiwa tusubiri matengenezo makubwa. Nikaomba angalau siku moja tupitishe gesi kwenye probu tulinganishe. Nikaambiwa nisilete maneno.

RATA ikafika. Kwa asiyeijua: wapimaji wa nje huja na vifaa vyao, wakapima moshi uleule saa ileile sambamba na vifaa vya mtambo, angalau mara 9, kila mara kwa muda usiopungua dakika 21. Wanaruhusiwa kufanya zaidi na kuacha matokeo yasiyozidi matatu. Wastani wa tofauti, pamoja na kiasi cha kutokuwa na uhakika, unagawanywa kwa wastani wa kipimo cha rejea, yaani cha wapimaji. Zaidi ya asilimia 10, umeanguka, na tangu saa hiyo data yako haihesabiki mpaka upite. Oksidi za nitrojeni zikapita vizuri. Salfa dioksidi ikaanguka vibaya.

Kikao kilichofuata sitakisahau. Kwanza walilaumiwa wapimaji. Walipotoa vyeti vya mitungi yao vikawa safi, lawama ikageukia kibanda changu. Niliulizwa mbele ya watu nilikuwa nafanya kazi gani miezi yote hiyo. Nikafungua kitabu cha zamu nikasoma tarehe moja baada ya nyingine, kila niliposema namba inashuka na kila nilipojibiwa. Chumba kikatulia. Nawaambia wadogo zangu kila siku: andika kabla ya kugusa. Kitabu kile ndicho kilichonitetea siku ambayo hakuna mtu aliyenitetea.

Ndipo nikaruhusiwa. Tulipanda, tukafungua gesi kwenye probu. Namba ikapanda kwa uvivu, ikachukua muda mrefu kupita kawaida, kisha ikasimama chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye cheti cha mtungi. Tukalifuata bomba la sampuli hatua kwa hatua hadi karibu na linapoingia kibandani, na hapo lilikuwa la baridi. Waya wa kupasha joto ulikuwa umekufa kwenye kipande hicho. Bomba la aina hiyo wengi huliweka kati ya nyuzi 120 na 180 za Selsiasi ili mvuke usigeuke maji kabla ya kufika kwenye kipoozaji. Lilipopoa, maji yakakaa ndani yake, na salfa dioksidi huyeyuka kwenye maji. Nitrojeni monoksidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya oksidi za nitrojeni katika boila la makaa, karibu haiyeyuki kabisa. Ndiyo maana namba moja ilishuka na nyingine ikabaki. Nilikuwa nimeliandika hilo kitabuni muda mrefu kabla ya RATA.

Waya ukabadilishwa, mpira ukarudishwa, RATA ikarudiwa, tukapita. Kwenye taarifa ya mtambo tatizo liliitwa matengenezo ya kawaida. Hakuna aliyeniambia pole wala asante. Ya kwanza nilishaisamehe.

Sasa nikujibu sawasawa. Usianze na analaiza. Anza na njia ya gesi, na anza kwa kuangalia ni namba zipi zimekosea pamoja. Salfa dioksidi peke yake ikiwa chini, tafuta maji na ubaridi. Gesi zote zikiwa chini na oksijeni ikiwa juu, kuna hewa inaingia kutoka nje, kwenye kiungo au pampu. Kama mfumo wako unachanganya sampuli na hewa safi kwenye probu, na kila kitu pamoja na kaboni dioksidi kimepungua kwa uwiano mmoja, angalia tundu dogo la probu na shinikizo la hewa ya kuchanganyia. Oksidi za nitrojeni peke yake zikiwa chini, hasa kwenye tabaini ya gesi inayofanya kazi kwa mzigo mdogo, shuku kigeuzi kinachobadilisha nitrojeni dioksidi kuwa monoksidi. Na daima uliza kama wewe na wapimaji mnapima moshi mkavu wote wawili, au mmoja ana unyevu ndani yake.

Angalia namba ghafi. Hili wengi hawalijui. Hewa ikivuja kwenye sampuli, na oksijeni unaipima kutoka sampuli hiyohiyo, hesabu ya kusahihisha oksijeni, ile inayoleta matokeo yote kwenye kiwango kimoja cha oksijeni cha rejea, inaufuta uvujaji. Unazidisha kwa 20.9 (asilimia ya oksijeni hewani) kutoa oksijeni ya rejea, ukagawanya kwa 20.9 kutoa oksijeni uliyoipima. Gesi imepungua, kizidisho kimeongezeka, jibu linatoka zuri. Ripoti inapendeza huku bomba lina tundu.

Mitungi nayo. Soma cheti, soma tarehe ya mwisho, na mtungi ukishuka chini ya paundi 100 kwa inchi ya mraba usiutumie tena. Regyuleta, kidhibiti cha shinikizo la mtungi, ipulizwe vizuri kabla ya salfa dioksidi, kwa sababu unyevu uliobaki ndani yake unaila gesi kabla haijaanza safari.

Wanaofuata kiwango cha Ulaya, EN 14181, wana desturi moja ninayoipenda hata kwetu tusiolazimishwa: matokeo ya sifuri na ya juu yanachorwa kwenye chati, wala haitoshi kusema yamepita. Ukiona nukta zote zimeegemea upande mmoja wa mstari, kifaa kinasogea, hata kama hakijafika kikomo. Mimi huchora kwa mkono. Kifaa kikisogea usikimbilie kitufe cha kurekebisha; andika kwanza ulivyokikuta, kisha rekebisha, kisha andika ulivyokiacha. Ukibonyeza kabla ya kuandika umefuta ushahidi.

Na hapa niseme jambo ambalo najua litawagusa baadhi yenu. Siku ya RATA ikikaribia atakuja mtu akuambie "sogeza kidogo". Usisogeze. Marekebisho ya kawaida ya kalibresheni, kuelekea kiwango cha mtungi, yanaruhusiwa. Kupindisha kifaa kielekee jibu unalolitarajia, mimi sikubali. Halafu kuna kipimo cha kuegemea: wastani wa vifaa vyako ukiwa chini ya rejea kwa kiasi kinachozidi kutokuwa na uhakika, kila saa ya data yako itazidishwa kwa kizidisho kinachoipandisha. Hakuna kizidisho cha kuishusha. Kanuni imekusudiwa kumlinda anayevuta hewa, na mimi naona iko sawa kabisa.

Najua hofu ya mabosi iko wapi. Data ikikosekana, nafasi yake inajazwa kwa kanuni, na kadiri upatikanaji wa data unavyoshuka ndivyo namba za kujazia zinavyokuwa kali. Kwa salfa dioksidi, ukiwa na asilimia 95 au zaidi, pengo lisilozidi saa 24 linajazwa kwa wastani wa saa ya kabla na ya baada. Ukishuka chini ya 90, unapewa namba ya juu kabisa katika saa 720 zilizopita zenye data nzuri. Chini ya 80, unahesabiwa kiwango cha juu kabisa ambacho mtambo unaweza kutoa. Kwa hiyo wanaogopa kukiri kifaa kibovu. Lakini kifaa kinachokaguliwa mapema kinapoteza saa chache, na kilichofichwa kinapoteza wiki. Mwambie bosi wako hivyo, kwa heshima, na umwekee hesabu mezani.

Basi mdogo wangu, kabla hujawaita wapimaji tena, fanya hivi. Pitisha gesi ya salfa dioksidi kwenye probu, andika imechukua muda gani kutulia na imetulia wapi. Kisha pitisha gesi hiyohiyo nyuma ya analaiza, uandike vilevile. Shika bomba la sampuli kwa glavu kutoka juu hadi chini ukitafuta pa baridi, hasa kwenye viungo na linapopita ukutani. Kumbuka gesi ya mtungi ni kavu, kwa hiyo hata majibu mawili yakilingana bado maji yanaweza kuwa ndiyo adui. Fungua mfereji wa kipoozaji uone kama maji yanatoka kwa kasi ya kawaida. Ukipata namba hizo niandikie, na unitumie picha ya ukurasa wa kitabu chako cha zamu wenye tarehe.